Msaada: picha za kale za mila na maisha ya vijijini Ireland, nizisomeje na niandike nini chini yake?

Karani_wa_Picha ameuliza:

Habari za muda huu wakuu. Kuna maonyesho ya picha 30 yanaandaliwa kwenye ukumbi wa maktaba, mada ni maisha na mila za vijijini Ireland kuanzia 1880 hivi hadi 1960. Kuna watu waliofunika nyuso kwa mabua, wanawake wa visiwa vya Aran, wakataji wa udongo wa kinamasi unaokaushwa kuwa kuni, mahujaji kwenye visima vitakatifu, misalaba ya Mtakatifu Brigida. Tatizo ni kwamba picha nyingi zimeokotwa mtandaoni na maelezo yake yanapingana. Picha ileile moja, tovuti hii inasema ni harusi, ile inasema ni siku ya pili ya Krismasi.

Naomba kujua: zinapatikana wapi zikiwa na kumbukumbu kamili? Nitatambuaje ni mila ipi, na kama ilipigwa siku yake au watu walipangwa? Kuna ambazo nahisi zimegeuzwa kulia kushoto, nahakikishaje? Mwisho, haki za matumizi, na kama faili za mtandaoni zinafaa kuchapwa sentimita 30 kwa 40. Maelezo yote yatakuwa ya Kiswahili.

---

Mtunza_Majalada amejibu:

Karani, weka kando kwanza kila picha isiyo na namba ya kumbukumbu. Hata iwe nzuri namna gani, mtu akikuuliza "hii ni wapi?" utabaki unatumbua macho.

Hazina kubwa kuliko zote ni Mkusanyo wa Taifa wa Mapokeo ulioko Chuo Kikuu cha UCD, Dublin. Huu ndio mrithi wa Tume ya Mapokeo ya Ireland, iliyoanza kazi 1935 chini ya Séamus Ó Duilearga. Kumbukumbu za Tume hiyo, za 1935 hadi 1970, UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2017. Picha ziko kama 80,000, na sehemu yake unaiona bure kwenye tovuti ya dúchas.ie.

Jua namna zilivyopangwa, la sivyo utazunguka bure. Zinafuata vichwa 14 vya mwongozo wa wakusanyaji ulioandaliwa na Seán Ó Súilleabháin na kuchapishwa 1942: makazi na nyumba, kazi za kujipatia riziki, mawasiliano na biashara, maisha ya binadamu, tiba, wakati, dini, michezo na kadhalika. Sikukuu zote za mwaka ziko chini ya "wakati". Harusi na misiba iko chini ya "maisha ya binadamu". Kwa hiyo ile picha yako yenye mgogoro, kichwa ilichowekwa chini yake ni nusu ya jibu.

Wapigapicha wa kuwafuatilia humo: Caoimhín Ó Danachair, mzaliwa wa Athea kule Limerick, ambaye alipiga kama mtaalamu wa mila na si kama msanii (utaona anapiga bawaba ya mlango, fundo la kamba, ncha ya jembe), na Leo Corduff, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa Tume.

Kwa kaunti sita za Ireland ya Kaskazini nenda Belfast na Cultra. Robert Welch (1859–1936) yuko Ulster Museum. William Green (1870–1958), aliyejifunza kazi kwa Welch, yuko kwenye jumba la makumbusho ya maisha ya watu pale Cultra. Angalizo: Welch alikuwa pia mpigapicha rasmi wa kiwanda cha meli cha Harland & Wolff, na ustadi wake wa kupanga mashine na wafanyakazi unauona hata kwenye picha zake za mashambani. Kila mtu amesimama panapostahili.

Mkusanyo wa Lawrence uko Maktaba ya Taifa, Dublin: negativu za kioo kama 40,000, nyingi zikiwa za Robert French, aliyekuwa mwajiriwa wa duka la William Lawrence. Zile zilikuwa za kuuzwa kwa watalii na za kutengenezea kadi za posta. Zikiwa na rangi, rangi ilipakwa kiwandani na mtu ambaye hakuwahi kufika hapo. Usiandike "sketi ya bluu" kwa kutazama kadi ya posta.

Sasa njia ya kuhakikisha. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 waliandika mila za wazee wa vijiji vyao, kurasa kama 740,000, nazo ziko dúchas.ie hiyohiyo. Chukua jina la mahali kwenye picha, lipeleke logainm.ie (tovuti ya majina ya mahali ya Ireland) upate tahajia ya Kiayalandi na parokia yake, kisha rudi dúchas utafute shule ya parokia hiyo na usome walichoandika kuhusu mila hiyo. Ukikuta mtoto wa 1938 anasema kijijini kwao wavaa mabua huja harusini tu, umepata ushahidi wa jirani kabisa. Ila kumbuka mradi ule ulihusu kaunti 26 tu, zile zisizo za Ireland ya Kaskazini. Kwa Antrim, Fermanagh au Tyrone hutapata kitu humo.

---

Bi_Shata amejibu:

Niongezee hapo kwenye watu wa mabua, maana ndipo maelezo ya mtandaoni yanapoboronga zaidi. Vazi linaweza kuwa lilelile, lakini mila ni nne tofauti:

*Siku ya Dreoilín* (jina la kidege kidogo), 26 Desemba. Tafuta kijiti au tawi la mti wa holi (wenye majani ya miiba) lenye utepe, na juu yake kidege kidogo, cha kweli au cha kuigiza. Kuna ngoma na filimbi, na kundi linatembea barabarani mchana. Kule Dingle, Kerry, utaona pia farasi wa bandia anayebebwa na mtu.

*Wavaa mabua wa harusini.* Hawa ni wageni wasioalikwa wanaoingia usiku, kiongozi wao anacheza na bibi harusi, wanapewa kinywaji wanaondoka. Kofia ni ndefu yenye umbo la koni, mabua yanashuka hadi kifuani na uso hauonekani kabisa. Hakuna kidege, hakuna tawi.

*Mkesha wa Mtakatifu Brigida*, 31 Januari. Mtu mmoja kundini amebeba mwanasesere, Brídeog. Ukimwona mwanasesere, mjadala umekwisha.

*Wacheza tamthilia wa Krismasi*, hasa Ulster (kaskazini) na Wexford (kusini-mashariki). Hawa wana wahusika: daktari, mtakatifu, shujaa anayeuawa na kufufuliwa. Kwa hiyo kila mmoja ana kifaa chake, upanga wa mbao, chupa ya dawa, fagio. Fermanagh wanavaa kofia za mabua, Wexford hawavai: wao wana kofia ndefu za karatasi na fimbo wanazogonganisha.

Sasa kujua kama ilipigwa siku yenyewe. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kivuli. Kerry iko karibu nyuzi 52 kaskazini. Tarehe 26 Desemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi kama 14 na nusu tu, kwa hiyo kivuli cha mtu aliyesimama ardhi tambarare ni karibu mara 4 ya urefu wake, na hicho ndicho kifupi kuliko vyote siku hiyo. Tarehe 31 Januari ni zaidi kidogo ya mara 2 na nusu. Harusi za vijijini nazo zilirundikana kati ya sikukuu ya Epifania na kuanza kwa Kwaresima, na Jumatano ya Majivu haichelewi kupita tarehe 10 Machi. Kufikia hapo kivuli cha adhuhuri bado ni mara 1 na nusu. Mwishoni mwa Juni kinashuka hadi nusu ya urefu wa mtu.

Hesabu inakuja yenyewe: ukiona watu wa mabua na kivuli chao ni kifupi kuliko wao wenyewe, ile picha ilipigwa kati ya Aprili na mwanzo wa Septemba. Ni tamasha, au mkusanyaji aliwaomba wavae ili apige. Usipime kivuli kinachoelekea kwenye kamera au kinachokimbia kutoka kwenye kamera, kitakudanganya. Kinachofaa ni kinacholala upande.

Angalia na mabua yenyewe. Ya zamani ni marefu, yamepurwa kwa mkono na hayajavunjika. Mashine ya kuvunia na kupura kwa pamoja inayaponda na kuyakata mafupi. Kofia yenye vipande vifupi vilivyochomekwa chomekwa ni ya miaka ya karibuni.

Na mioto ya mkesha wa Mtakatifu Yohana, 23 Juni: huwashwa jua likizama, na huko magharibi jua la Juni linazama karibu saa nne usiku. Filamu za zamani hazikuweza. Ndiyo maana picha nyingi zinaonyesha rundo la kuni mchana na watoto pembeni, moto haupo. Andika "rundo likisubiri kuwashwa", usiandike "moto".

---

Kioo_Kikavu amejibu:

Nitajibu la kugeuzwa, na jingine ambalo hukuuliza ila litakuharibia maelezo: rangi.

Vioo vingi vya kabla ya 1920, na filamu nyingi za bei nafuu hata baadaye, havikuona nyekundu. Vilikuwa vinaona bluu, na vile vilivyoboreshwa vikaongeza kijani. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, bluu inatoka karibu nyeupe. Wanawake wa Connemara (pwani ya magharibi, Galway) na Aran walivaa sketi nene za sufu nyekundu. Kwenye picha unawaona kama wafiwa. Nimeona maelezo mengi yanayosema "wanawake katika mavazi meusi ya huzuni" na hapana msiba wowote hapo. Mbingu nazo ni nyeupe tupu si kwa sababu kulikuwa na ukungu, ni bluu iliyoungua.

Ukitaka kuthibitisha, tazama picha za rangi za 1913. Tajiri Mfaransa Albert Kahn aliwatuma Marguerite Mespoulet na Madeleine Mignon kwenda Ireland Mei na Juni mwaka huo, wakarudi na vioo 73 vya autokromu. Kuna msichana wa Claddagh, Galway, nyekundu inawaka. Autokromu ilianza kuuzwa 1907, na rangi yake inatokana na chembe za wanga wa viazi zilizopakwa rangi tatu, chungwa, kijani na zambarau. (Viazi, tena Ireland!) Kioo hicho kilikuwa kizito kuona mwanga, hata juani kilihitaji sekunde nzima au zaidi. Kwa hiyo humo hutaona mtu akitembea wala jembe likishuka. Wote wamekaa au wameegemea kitu.

Sasa kugeuzwa. Negativu ya kioo ina upande unaong'aa, ambao ni kioo kitupu, na upande uliofifia, wenye dawa. Picha inasomeka sawa ukiitazama kutoka upande wa kioo kitupu. Aliyeiskani dawa ikitazama chini kwenye skana bapa na asigeuze kwenye kompyuta, ametoa picha ya kioo cha kujitazamia. Kwenye slaidi za taa za mihadhara, zile za sentimita 8.3 kila upande, kuna alama ya duara iliyobandikwa pembeni: ukiishika slaidi sawasawa mkononi, alama inakuwa chini kushoto.

Kama huna kioo, una faili tu, fanya hivi:

Maandishi kwanza, kwenye duka, mkokoteni, gunia. Hakuna maandishi? Nenda kwenye koti la mwanamume: upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya wa kulia, na mfuko wa kifuani uko kushoto kwake. Koti moja halitoshi, nguo za kurithi zilikuwa nyingi, tafuta matatu. Kwenye kisima kitakatifu au kwenye mizunguko ya mlima wa hija wa Croagh Patrick, mahujaji huzunguka kufuata jua, maana yake kisima au rundo la mawe liko mkono wao wa kulia wanapotembea. Likiwa kushoto kwa wote, shuku picha kabla ya kuwashuku mahujaji. Mwisho kabisa linganisha umbo la mlima na picha ya leo ya mahali hapo.

Usitumie jembe kama ushahidi. Sleán, jembe la kukatia udongo wa kinamasi, lina bawa upande mmoja, lakini yalitengenezwa ya kulia na ya kushoto. Jembe refu la kuchimbia nalo lina pa kukanyagia upande mmoja, na hapo pia kulikuwa na desturi za mguu huu na mguu ule kulingana na mahali.

---

Mpita_Njia_88 amejibu:

Kwa mnavyoeleza, picha iliyopangwa basi ni feki tu. Si bora aitoe kwenye maonyesho?

---

Bi_Shata amejibu:

Hapana ndugu yangu, ukifanya hivyo utabaki na kuta tupu. Jiko la kijijini lilikuwa na moto wa wazi na dirisha dogo moja au mawili. Kwa lenzi na vioo vya 1900 ungehitaji dakika kadhaa au unga wa magnesi unaolipuka na kujaza moshi. Kwa hiyo mwanamke na gurudumu lake la kusokotea walitolewa nje, mlangoni, penye mwanga. Usokotaji ni wa kweli, mikono ni ya mtu anayeijua kazi. Mahali ndipo si penyewe. Unachotakiwa kuandika ni "gurudumu limetolewa nje kwa ajili ya picha", na mtazamaji atakuelewa.

Cha kukataa ni pale mavazi au kifaa vinapoletwa na mpigapicha mwenyewe. Dalili ni shali ileile, yenye kasoro ileile, kwa wanawake wawili wa kaunti mbili. Ndiyo maana uziangalie picha za mpigapicha mmoja kwa mfululizo, usizione mojamoja.

Na jambo la ukimya: mikesha ya misiba ilikuwa mila kubwa kupita nyingi, lakini picha zake za ndani ni chache mno. Ilikuwa usiku, na kamera kando ya maiti haikukaribishwa. Uchache huo usikufanye useme mila ilikuwa ndogo.

---

Fundi_Ezeko amejibu:

Mimi niongelee picha za kazi na nyumba, maana hapo unaweza kutaja mwezi na hata upande wa nchi bila kubahatisha.

*Udongo wa kinamasi.* Kwanza wanabandua tabaka la juu lenye nyasi. Kisha, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni, mmoja anakata kwa sleán na mwenzake anapokea donge na kulitupa kwenye toroli au kulitandaza. Donge bichi karibu asilimia 90 ni maji. Kwenye picha linang'aa, kingo zimenyooka, na yule anayepokea analishika kwa viganja viwili chini yake kwa sababu ukilibana linakatika. Baada ya wiki moja au mbili za ukavu, hatua ya pili: madonge matano sita yanasimamishwa yakiegemeana vichwa ili upepo upite. Yaliyoachwa yamelala hukauka juu tu, chini yanabaki matope, na mvua ikirudi kazi inaanza upya. Hatua ya tatu ni marundo makubwa, na kusafirisha nyumbani mwishoni mwa kiangazi, kwa punda mwenye vikapu viwili au mkokoteni. Donge limeshasinyaa, jeusi lisilong'aa, na kingo zimepinda.

Kwa hiyo picha ya madonge yaliyosimama yenye maelezo "ukataji" imekosewa. Kukata kumeshapita wiki kadhaa.

*Paa.* Pwani ya magharibi na kaskazini, penye upepo wa Atlantiki, ezeko limefungwa kwa kamba zinazopita juu ya paa na kushikwa na vigingi vilivyochomekwa ukutani au mawe yanayoning'inia. Bara, ezeko linabanwa kwa vijiti vya mti vilivyokunjwa, na kamba hazipo. Paa lililokunjwa pande zote nne ni la mashariki na kusini-mashariki zaidi. Lenye kuta za pembetatu mwishoni ni la magharibi na kaskazini. Ukiona ukuta wa kando umevimba nje karibu na bomba la moshi, hapo ndani pana kitanda kilichojengewa kando ya moto, na uko kaskazini-magharibi: Donegal, Mayo, Tyrone na majirani zao. Mtaalamu Åke Campbell kutoka Sweden alikuja 1935 kupima nyumba hizi, na michoro yake ya ramani za ndani inasaidia sana kusoma picha za nje.

*Msalaba wa Brigida.* Ule wa mikono minne husukwa kwa nyasi za kinamasi zilizong'olewa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu. Unashika unyasi mmoja wima, unakunja wa pili katikati kuuzunguka, unavuta, unageuza robo mzunguko, unakunja wa tatu juu ya ule wa pili, unavuta, unageuza, hivyo hivyo hadi katikati pawe mraba uliojaa. Kisha ncha nne zinafungwa. Kosa la kawaida ni kulegeza kidole gumba wakati wa kugeuza: katikati panafumuka. Nyasi zikikauka zinasinyaa, na msalaba uliolegea unajiachia wenyewe ukutani.

Picha za kabla ya miaka ya 1960 zina aina nyingi kuliko hiyo: ya mikono mitatu, na ya almasi iliyoviringishwa mabua kwenye vijiti viwili. Aina ya mikono minne ilizidi kujulikana baada ya televisheni ya taifa, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 31 Desemba 1961, kuifanya nembo yake. Ukiona misalaba kadhaa imechomekwa chini ya ezeko, mmoja mbichi na mingine myeusi kwa moshi, ujue ile myeusi ni ya miaka iliyotangulia. Huwekwa mpya na ya zamani inaachwa.

---

Karani_wa_Picha amejibu:

Mmenifungua macho kwelikweli. Naomba tujaribu moja. Haina maelezo zaidi ya "Ireland, wakulima". Wanawake watatu wenye sketi nyeusi wamekaa mbele ya nyumba, paa lina kamba nyingi na vigingi chini ya ezeko. Mvulana wa miaka minane hivi amevaa sketi pia. Kulia kuna mtumbwi mweusi umefudikizwa juu ya mawe. Mbingu nyeupe. Vivuli ni vifupi: cha mtu aliyesimama nyuma hakifiki nusu ya kimo chake.

---

Kioo_Kikavu amejibu:

Sketi "nyeusi" na mbingu nyeupe: kioo kisichoona nyekundu. Usitaje rangi, au andika "huenda nyekundu".

Mvulana wa sketi si msichana. Connemara na visiwani wavulana walivaa hivyo hadi miaka kama kumi na mbili, na maelezo mengi ya mtandaoni yanawaita mabinti. Angalia nywele na fulana. Mtumbwi ni currach: fito za mbao zilizovikwa turubai lililopakwa lami, ndiyo maana ni mweusi, na hufudikizwa kwenye mawe ili turubai lisioze na upepo usiubebe. Kabla ya turubai ilikuwa ngozi.

Kivuli sasa: chini ya nusu haiwezekani. Ireland yote jua la adhuhuri halipandi kupita nyuzi 62, na hapo kivuli ni zaidi kidogo ya nusu. Ama huyo wa nyuma amesimama mteremkoni, ama kivuli kinakuja kwenye kamera na kimefupishwa na lenzi. Hata hivyo huenda ni Mei hadi Julai, karibu na adhuhuri.

---

Fundi_Ezeko amejibu:

Na kamba zile na vigingi zinakubaliana na mtumbwi: pwani ya magharibi. Tazama miguuni kama ipo ndani ya fremu. Viatu vya ngozi mbichi yenye manyoya nje, vimefungwa kwa uzi juu ya mguu, vinakupeleka Aran moja kwa moja. Mwandishi John Millington Synge alivipiga picha huko baada ya kufika mara ya kwanza 1898, kwa hiyo una cha kulinganishia. Bila miguu, ishia "pwani ya magharibi".

---

Mtunza_Majalada amejibu:

Nimalizie haki na uchapaji.

Sheria ya Ireland inalinda picha hadi miaka 70 baada ya kifo cha mpigapicha, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Welch alifariki 1936, kwa hiyo kazi yake iko huru. Green alifariki 1958, ulinzi unakwisha mwishoni mwa 2028. Padri Francis Browne, Mjesuiti aliyepiga ndani ya Titanic 1912 na kuacha negativu kama 42,000, alifariki 1960: hadi mwisho wa 2030. Dorothea Lange, aliyepiga kaunti ya Clare 1954 kwa ajili ya jarida la Life, alifariki 1965, na hifadhi yake iko Oakland, California. Za Lange usiguse bila barua.

Picha za dúchas.ie zina leseni ya kutumia bila biashara, kwa sharti la kutaja chanzo. Kiingilio cha bure, sawa. Ukiuza tiketi, kalenda au kadi zenye picha hizo, andika kuomba ruhusa kwanza. Maktaba ya Taifa ya Dublin imeweka vioo vyake vingi kwenye sehemu ya Commons ya Flickr bila vikwazo vinavyojulikana, na wachangiaji wa pale wanatambua mitaa na tarehe hadi mtu unashangaa. Soma maoni chini ya picha kabla ya kuandika yako.

Uchapaji: sentimita 30 kwa 40 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3543 kwa 4724. Kwa ukutani nukta 200 zinatosha, yaani 2362 kwa 3150. Faili ya mtandaoni yenye upana wa pikseli 1200 itakupa nukta 100 tu, msuko wa mabua utakuwa uji. Omba faili kubwa kwenye hifadhi kwa kutaja namba. Usitumie programu za kukuza picha kwa akili bandia: zinabuni msuko na sura ambazo kwenye kioo hazimo. Za kupaka rangi vilevile. Usikate kingo za kioo zenye maandishi ya mkono, mara nyingi namba ya negativu iko hapo.

Maelezo yafuate mpangilio mmoja: kinachoonekana, mahali (kitongoji, parokia, kaunti), tarehe au kipindi, mpigapicha, hifadhi na namba. Unachokisia kitanguliwe na "huenda". Kwa ile ya juu:

"Wanawake watatu na mvulana mbele ya nyumba iliyoezekwa na kufungwa kwa kamba, kulia, currach iliyofudikizwa. Pwani ya magharibi ya Ireland, huenda kati ya Mei na Julai. Sketi huenda ni nyekundu: kioo cha wakati huo kiliionyesha nyekundu kama nyeusi."

Mpigapicha na namba viachie nafasi. Usipovipata kabla ya siku ya kutundika, hiyo ibaki kabatini, weka nyingine.